Filimbi ya Hesabu

Jumanne, mchana. Nyakanazi.

Chumba kilikuwa nyuma ya jiko la mgahawa na hakikuwa na dirisha. Moshi wa kuni ulipenya kwenye nyufa za ukuta ukawakaba koo, lakini hakuna aliyelalamika. Wote watatu waliokuwa ndani walikwisha kulala katika vyumba vibaya kuliko hicho, tena vilivyofungwa kwa nje.

Leonsia aliinama akachora sakafuni kwa kijiti.

"Hii ni barabara. Huu ni uwanja wa mikutano. Ghala ni hili, mlango wake unatazama uwanjani. Mlinzi ni mmoja. Ana rungu."

"Lungu!" Audax alicheka. Alikuwa mwizi wa ng'ombe, mtu wa mabega mapana kutoka vilima vya Ngara, na Kiswahili chake cha sokoni kilizichanganya l na r bila aibu yoyote. "Mimi nimechukua ng'ombe wa watu wenye mikuki. Huyo mzee nitamkarisha chini kwa kidole."

"Hutamgusa. Hatuvunji kufuli wala hatumwagi damu. Mwenyekiti Gozbert atafungua ghala kwa mkono wake na kutukabidhi mali kwa mkono wake. Hiyo ndiyo kazi. Anayetaka kazi nyingine, mlango ule pale."

Hakuna aliyeondoka.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ilikuwa Februari, mwaka 1979. Jeshi lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka wa Uganda na kila kijiji kilikuwa kikichangia. Kijiji cha Kasulo kilikuwa kimetoa mahindi, maharage na chumvi, vyote vikiwa ndani ya ghala la kijiji. Lori la kamati ya wilaya lingefika Alhamisi kuvichukua. Lori lao lingefika Jumatano, likiwa na askari wa mgambo waliovaa magwanda. Alhamisi, lori la kweli lingemkuta Gozbert na ghala tupu, kufuli zima, ufunguo shingoni mwake.

"Atasema amedanganywa," alisema Sabiti.

"Na mimi nilisema hivyo."

Sabiti alitikisa kichwa. Babu yake alikuwa ametoka pwani na kufungua duka Biharamulo mjini. Sabiti alilirithi duka hilo, kisha akalipoteza kwa sababu ya sukari ya magendo iliyokutwa chini ya kitanda chake. Lori la marehemu baba yake lilikuwa limefichwa shambani, chini ya majani makavu, lisichukuliwe kwenda vitani. Sasa lilikuwa nyuma ya mgahawa huo, limejaa mafuta.

"Dada Leonsia," alisema, "mimi nataka chumvi ile ifike Burundi niiuze. Audax anataka kula. Wewe unataka kumwona mtu mmoja akilia. Tukibanwa njiani, tutamsikiliza nani?"

"Mtanisikiliza mimi."

Walijua habari zake. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, Leonsia alichaguliwa kuwa mwuzaji wa duka la ushirika. Siku moja sukari na khanga havikuonekana. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Gozbert, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa na ufunguo wa pili. Hakuna aliyeuliza habari za ufunguo huo. Gozbert aliita mkutano, akasimama mbele ya watu, akasema: anayeamini kwamba mwizi ni huyu, anyooshe mkono. Mikono ikanyooshwa. Ya majirani, ya shemeji zake, ya wanawake aliowapimia chumvi kwa mkopo watoto wao walipougua. Mahakama haikuongeza kitu. Ilifuata mikono ile.

Alifungwa miaka minne. Alipotoka, mumewe alikuwa na mke mwingine, na migomba yake ilikuwa mali ya ukoo wa Gozbert. Kwa hiyo hakumtaka Gozbert peke yake. Mahindi yaliyokuwa ghalani yalitoka katika mikono ile ile.

Nje, basi lilisimama. Utingo alipiga filimbi kuwaita abiria, mara tatu, kali na fupi.

Ndani ya chumba, watu watatu walishuka chini kwa pamoja. Audax alichuchumaa, mikono nyuma ya shingo. Sabiti alichuchumaa kando yake, bega kwa bega. Leonsia alijikuta chini, macho yakitazama vidole vyake vya miguu. Filimbi tatu maana yake hesabu. Wawili wawili, kichwa chini, na anayechelewa anaonja fimbo ya nyapara.

Kisha Sabiti akaanza kucheka, na Audax naye, mpaka machozi yakamtoka.

"Lupango ritatutoka lini, jamani?"

"Halitoki," alisema Leonsia. Yeye hakucheka.

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa Theonest, mwenye furushi begani. Huyu ndiye aliyemfuata Leonsia sokoni Biharamulo mwezi uliopita na kumweleza habari za ghala na za lori la Alhamisi. Alisema amefungwa miaka saba Mwanza kwa kumpiga askari. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamuru, na wote walikubaliana kwamba yeye ndiye atakayekuwa luteni.

Alifungua furushi. Magwanda manne, kofia nne, bastola moja na filimbi moja ya chuma yenye kamba.

"Bastola ni ya luteni," alisema, akaichomeka kiunoni.

Leonsia aliichukua filimbi, akaifunga begani mwa gwanda lake.

Mwenye mgahawa alileta ugali na maharage. Audax alimaliza sahani yake kabla Leonsia hajanawa mikono. Sabiti alikula huku mkono wa kushoto ukiizungushia sahani uzio. Theonest alikula taratibu, akitafuna, akizungumza, sahani yake ikiwa wazi mbele ya watu. Leonsia alimtazama, kitu kikamgusa moyoni. Hakujua ni kitu gani. Alikiacha kipite.

Jumatano, kabla ya adhuhuri. Kasulo.

Walichagua saa ambayo kijiji huwa hakina watu. Wenye nguvu wote walikuwa kwenye shamba la ujamaa, ng'ambo ya kilima, na Evaristi, kamanda wa mgambo wa kijiji, alikuwa nao huko. Wangerudi jioni tu, kuitwa majina na kufanya mazoezi. Uwanjani palikuwa na kuku, na mzee wa rungu aliyesimama wima alipoyaona magwanda.

Gozbert alitoka ofisini akifunga vifungo vya shati. Alikuwa amenenepa. Leonsia alimwona kupitia kioo cha lori, akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Ndugu Mwenyekiti!" Theonest aliita. "Mchango wa vita. Tumeagizwa tuchukue leo. Hali huko mbele haingoji."

"Karibuni, ndugu zangu, karibuni. Tulisikia ni kesho."

"Vita haina kesho."

"Kweli kabisa, Luteni. Kweli kabisa."

Hakuomba hati wala hakuuliza wametumwa na nani. Alivuta ufunguo kutoka shingoni, akafungua, akasukuma mlango kwa bega. Kisha akafanya jambo ambalo Leonsia hakulitarajia: alikunja mikono ya shati akaanza kusaidia kupakia.

"Anzeni na haya ya nyuma," alisema. "Ya nyuma ndiyo mengi."

Audax na Sabiti walibeba. Magunia yalikuwa mazito kama yalivyopaswa kuwa. Leonsia aliyahesabu kwa macho yalivyopita karibu na dirisha lake. Aliona kwamba midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa katani. Hilo lilikuwa geni. Wanawake wa Kasulo walishona magunia kwa kamba za migomba, kila mmoja na fundo lake, ili lake lisipotee kati ya mengine. Lakini miaka minne ni mingi, na pengine sasa kijiji kilikuwa na pesa za kununua katani.

Mwanamke mzee alikuja polepole kutoka upande wa nyumba, amebeba boga. Alisimama kwenye mlango wa lori. Leonsia alimtambua kwa ule mguu wake wa kuvuta. Nyirabahizi, jirani yake. Mkono wake ulikuwa miongoni mwa ile iliyonyooshwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Leonsia, na papo hapo akajuta kufungua kinywa.

"Marahaba, mwanangu." Kikongwe aliliweka boga kwenye ubao wa kukanyagia. "Nilichelewa kutoa. Gunia langu la maharage limo humo ndani, nililishona mwenyewe. Hili boga ni nyongeza. Wapeni wale vijana." Aliitazama kofia. "Una sauti ya mtu ninayemjua."

"Watu wanafanana sauti, bibi."

"Ndiyo. Wanafanana." Aligeuka kuondoka. "Yule naye tulimnyooshea mikono. Siku ile nilinyoosha kwa sababu wote walinyoosha. Mkono huu tangu hapo hauna usingizi."

Kikongwe alikwenda zake, akivuta mguu vumbini.

Kazi ilipokwisha, Gozbert alizunguka lori akipiga bodi kwa kiganja. Alipofika kwenye mlango wa Leonsia alisimama. Alimtazama usoni, chini ya kofia, kwa muda wa kutosha kumjua mtu. Kisha akatabasamu.

"Safari njema, dada," alisema.

Theonest alipanda upande wa usukani.

"Sabiti, nenda nyuma na Audax. Barabara ya Murusagamba naijua mimi."

Jumatano, alasiri. Barabara ya Murusagamba.

Lori liliruka na kudunda. Barabara ilikuwa mawe na makorongo, migomba upande mmoja, mteremko upande wa pili. Burundi ilikuwa nyuma ya vilima vilivyoonekana mbele, vya buluu na karibu mno. Kila walipopita mtu, Theonest aligeuza uso pembeni.

Leonsia alikuwa akilifikiria tabasamu.

Nyuma yao mtu alipiga bodi kwa nguvu. Mara moja. Mara nyingi.

"Simama," alisema Leonsia.

"Tukisimama tunachelewa."

"Nimesema simama."

Theonest alisimamisha. Audax aliruka chini, amekunja uso, amebeba kitu viganjani. Alikimwaga kwenye boneti. Yalikuwa makapi ya kahawa, yaliyochanganywa na mchanga.

"Gunia limepasuka kwenye kolongo," alisema. "Nikapasua lingine. Na lingine. Yote ya chini ni haya. Mahindi ni ya juu tu, ya kufunikia."

Sabiti alishuka nyuma yake, uso umepauka.

"Chumvi yangu ni mchanga, Leonsia. Tumehatarisha shingo zetu kwa mchanga."

Leonsia aliyatazama makapi yale, na mambo yote ya adhuhuri yalirudi yakakaa mahali pake. Katani. Ya nyuma ndiyo mengi. Shati lililokunjwa mikono. Gozbert alikuwa amekwisha kuuza mchango wa kijiji, akalijaza ghala uchafu, na lori la Alhamisi lilikuwa likija kumfichua. Alihitaji wezi. Na wezi walikuja siku moja kabla, kwa miguu yao, naye akawasaidia kupakia.

"Alijua tunakuja," alisema. "Alijua siku, na alijua ni mimi. Mmoja wetu amemwambia."

Upepo ulivuma migombani. Watu wanne walitazamana.

"Huyu muuza duka," Audax alimnyooshea Sabiti kidole. "Wewe na Gozibeti mrikuwa mkiuziana sukari zamani. Urisema mwenyewe."

"Nilimwuzia kila mtu sukari! Na wewe, nani alikutoa jela kabla ya siku zako? Nani huachiliwa mapema bure?"

"Rudia hayo."

"Nayarudia. Nani alikutoa?"

Audax alichomoa panga. Sabiti aliokota jiwe. Theonest alisimama kando, mkono kiunoni.

"Acheni upuuzi," alisema kwa ile sauti yake ya luteni. "Hayo tutayamaliza Burundi. Pandeni lori. Daraja liko hapo mbele, tukishalivuka tumefika."

Maneno yalikuwa ya busara. Audax alisita. Sabiti alishusha jiwe. Leonsia alimtazama Theonest, akaikumbuka sahani yake ya jana, wazi mbele ya watu, na yeye akitafuna taratibu kama mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa tonge.

Mkono wake ulikwenda begani. Aliipata filimbi. Aliitia mdomoni akapuliza mara tatu, kali na fupi.

Panga la Audax lilianguka. Alikuwa chini kabla halijagusa ardhi, mikono nyuma ya shingo. Sabiti alichuchumaa kando yake, bega kwa bega na mtu aliyetaka kumkata. Hata Leonsia magoti yake yalikunjika, filimbi bado ikiwa kati ya meno. Watatu walikuwa vumbini, vichwa chini.

Theonest alikuwa amesimama. Aliwatazama kama mtu anayetazama wanyama wakifanya jambo lisiloeleweka.

"Mna nini?" aliuliza. "Kuna nini?"

Leonsia aliinua kichwa. Alisema polepole.

"Mwanza ulifungwa gereza gani, Theonest?"

Alielewa. Bastola ilikuwa mkononi mwake kabla swali halijamalizika, lakini Audax alikuwa karibu zaidi naye, na alitokea chini, mahali ambapo Theonest hakutazama. Walianguka pamoja. Mlio wa risasi ulikuwa mdogo kuliko Leonsia alivyodhani. Ndege waliruka kutoka migombani. Audax alikaa chini, akaegemea gurudumu, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema kwa mshangao. "Huyu ameniua."

Hakusema lingine.

Sabiti alikuwa amemkalia Theonest mgongoni, jiwe likiwa limeinuliwa. Leonsia aliiokota bastola.

"Usimpige. Kwanza aseme."

Theonest alisema yote upesi, shavu likiwa mchangani. Gozbert alikuwa shemeji yake, ameoa dada yake. Magwanda na bastola vilitoka kwake. Darajani kulikuwa na mgambo wa Murusagamba, wameambiwa kwamba majambazi waliovaa magwanda watapita na lori. Wameambiwa wapige bila kuuliza. Yeye angeshuka kabla ya daraja, kana kwamba anakwenda haja. Lori lingechomwa moto, makapi na maiti pamoja.

"Kwa nini mimi?" aliuliza Leonsia. "Majambazi wamejaa. Kwa nini akutume kwangu?"

"Alisema..." Theonest alitema mchanga. "Alisema watu hawatauliza kitu. Mwizi ni yule yule."

Sabiti aliuvuta mwili wa Audax, akampakia nyuma, akamfunika uso kwa kofia. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Leonsia, anahema.

"Dada, tuache lori hapa. Kuna njia za miguu zinazolikwepa daraja, wachuuzi wa magendo huzipita kila siku. Kesho tuko Burundi. Uko hai. Gozbert amekushinda mara mbili, basi, wengine hushindwa maisha yao yote. Twende."

"Nikivuka, atakuwa amesema kweli."

"Nani atajua?"

"Kasulo nzima itajua. Watasema ni mimi, na watakuwa na haki. Mchango ulichukuliwa na mimi, Sabiti. Safari hii si uongo."

"Basi unataka nini?"

"Nataka wamwone. Wote. Mchana, kwa macho yao."

"Watakurudisha ndani."

"Najua."

Sabiti alijifuta uso. Alitazama vilima, akamtazama yeye.

"Mimi sirudi kwenye hesabu, Leonsia. Hata kwa ajili yako. Nisamehe."

"Sijakudai kitu."

"Lori ni la baba. Mwambie huyu mshenzi asiliharibu gia." Alivua gwanda, akalitupa migombani. Alianza kupanda, mtu mwembamba aliyevaa fulana, na hakugeuka nyuma. Leonsia alimtazama mpaka migomba ikamficha.

Kisha akamgusa Theonest ubavuni kwa mdomo wa bastola.

"Barabara unaijua wewe," alisema. "Geuza."

Jumatano, jua likishuka. Kasulo.

Watu walikuwa wamekwisha kurudi. Walisimama uwanjani kwa mistari, majembe begani, Evaristi akiita majina kwa sauti. Gozbert alikuwa mbele yao, mkono kifuani, akieleza msiba: majambazi, bunduki, mchango wote. Alikuwa ameinua uso juu kama mtu anayejizuia kulia. Ndipo lori likaingia.

Lilipita kando ya mistari likasimama kati ya Gozbert na watu wake. Theonest alishuka kwanza, mikono juu. Leonsia alishuka nyuma yake na kuvua kofia.

Mnong'ono ulipita uwanjani. Jina lake lilipita mdomo kwa mdomo.

"Ni yeye!" Gozbert alipiga kelele, na kelele ilikuwa ya kweli, ya mtu aliyemwona marehemu. "Mnaona? Sikusema? Mwizi yule yule! Mkamateni!"

Hakuna aliyesogea, maana bastola ilikuwa mkononi mwa Leonsia. Aliielekeza kwa Gozbert. Alikuwa ameiota nafasi hii kwa miaka minne, juu ya sakafu ya saruji, na katika ndoto alikuwa akifyatua kila mara. Gozbert alirudi nyuma hatua moja. Kidole cha Leonsia kilikaza.

Kisha aliishusha. Maiti hajibu maswali.

Alipanda nyuma ya lori. Alipita kando ya miguu ya Audax. Alikata gunia kwa lile panga lililokuwa la Audax, akalisukuma kwa mguu. Makapi na mchanga vilimwagika chini, mbele ya mistari. Alisukuma la pili. La tatu. Kilima cha uchafu kiliota uwanjani, na vumbi lake likawafikia watu puani.

"Ni kweli nimeiba," alisema. Hakupaza sauti. Hakukuwa na haja. "Leo asubuhi nimeiba mchango wenu, na nitafungwa kwa haki. Lakini nilichoiba ndicho hiki. Mahindi yenu hayamo. Muulizeni aliyekuwa na ufunguo."

"Amebadilisha yeye!" alisema Gozbert. "Njiani! Amebadilisha njiani!"

Nyirabahizi alitoka kwenye mstari akivuta mguu. Aliinama juu ya gunia, akageuza mdomo wake huku na huku, karibu na macho.

"Hili ni langu," alisema. "Kiraka hiki ni khanga yangu. Lakini mimi nilishona kwa kamba ya mgomba. Hii katani ni ya nani?"

Wanawake wengine walikuja. Kila mmoja alitafuta lake. Kila mmoja alikuta katani. Na wote waligeuza vichwa kuelekea mlango wa ghala uliokuwa wazi, ambapo, karibu na kiti alichozoea kukalia mwenyekiti, donge la katani lilining'inia kwenye msumari.

"Shemeji," Theonest alisema, akilia sasa, "wamenijua, shemeji. Nimewaambia."

Gozbert aligeuka akalitazama donge lile.

Mistari ilivunjika. Majembe yalishuka kutoka mabegani. Watu walisogea mbele, wote kwa pamoja, na Leonsia aliwatazama kutoka juu ya lori, akaiona ile mikono. Ilikuwa imenyooshwa tena. Hakujisikia furaha aliyoitazamia. Alijisikia hofu, kwa sababu mikono ilikuwa ile ile, na ilikuwa ikienda upesi vile vile.

"Rudini nyuma!" Evaristi alisema. "Rudini!" Hakuna aliyemsikia. Alivuta filimbi kutoka mfukoni, akapuliza kwa nguvu zake zote, mara tatu.

Umati ulisimama.

Magoti ya Leonsia yalikunjika yenyewe. Aliteremka kutoka kwenye lori, akaiweka bastola miguuni pa Evaristi, akachuchumaa kwenye makapi, mikono nyuma ya shingo, kichwa chini. Alikaa vizuri, kama alivyofundishwa, nafasi ikiwa imeachwa upande wake wa kulia.

Gozbert alibaki amesimama kati ya majembe. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia la kufanya. Evaristi alikwisha kuielekeza bastola kifuani mwake.

"Chuchumaa, Ndugu Mwenyekiti," Leonsia alisema bila kuinua kichwa. "Hapa, kando yangu. Inakuwa wawili wawili."

Alisikia magoti ya Gozbert yakilia. Alisikia mwili mzito ukishuka, ukiyumba, ukashindwa, ukaanguka ubavu juu ya mchanga na makapi. Alisikia ukijikusanya tena.

"Mikono nyuma ya shingo," alimwelekeza. "Usimtazame anayehesabu. Hivyo hivyo. Utazoea."